WALTER KAADEN: FUNDI ALIYEIPA INJINI NDOGO PUMZI

Mtu wa pwani afikapo Kitale kwa mara ya kwanza hushangazwa na mambo mawili: baridi ya alfajiri na uzito wa injini. Baridi haihitaji maelezo. Ama uzito wa injini, nao una sababu yake. Mji wa Kitale uko kadiri ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, karibu na Mlima Elgon, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko hii yetu ya Mombasa, Lamu au Tanga. Injini huishi kwa hewa kama tuishivyo sisi. Ile inayovuta pumzi kamili hapa kwetu, ikifika kule hupungukiwa na karibu sehemu moja katika sita ya pumzi hiyo, na nguvu zake nazo hupungua kwa kadiri hiyo hiyo.

Nilikwenda huko kwa harusi ya mpwa wangu, ambaye kazi yake iko Kitale na wakweze wako Bungoma. Shughuli za harusi zina wenyewe. Sisi wazee kazi yetu ni kungoja tuitwe. Katika kungoja huko nikazoeana na fundi mmoja wa pikipiki ambaye kibanda chake hakikuwa mbali na msikiti niliokuwa nikiswali. Siku hizi pikipiki nyingi za bodaboda ni za mipigo minne, zitokazo India na China. Lakini fundi huyu alikuwa na wateja wa aina nyingine: vijana wenye Yamaha na Suzuki kuukuu za mipigo miwili, zile ambazo zamani zilipandwa na machifu, mapadri na maofisa wa kilimo, na pamoja nao wenye misumeno ya injini ya kukatia miti. Wote walimjia kwa haja moja, nayo ni kutaka injini zao ziongezwe nguvu na mbio.

Nikakaa nikimtazama. Aliifungua silinda, akatwaa tupa ndogo, akaanza kulipanua tundu la kutolea moshi, kidogo kwa juu, kidogo kwa pembeni. Kichwa cha silinda alikisugua juu ya kioo kilichotandikwa msasa, kipungue unene ili mchanganyiko wa petroli na hewa upate kubanwa zaidi. Kisha akatoa ekzosi aliyoiunga mwenyewe kwa vipande vya bati. Ilianza nyembamba, ikapanuka kama zumari, halafu ikajifunga tena ikawa nyembamba, na mwisho wake ulikuwa kimkia kidogo cha bomba. Nikamwuliza ni nani aliyelibuni umbo lile. Akanijibu kuwa hajui. Ndivyo alivyomkuta mwalimu wake akifanya, na mwalimu wake naye alimkuta wake.

Mimi nilikuwa nikijua kidogo. Marehemu babangu alikuwa fundi wa mashini za mashua, na nyingi katika hizo pia ni za mipigo miwili, hata udogo wangu wote ulinuka petroli iliyochanganywa na oili. Nilipokuwa mtu mzima nilijitafutia habari za watu walioziendeleza injini hizo, na katika wote hao mmoja alinikaa moyoni. Basi leo, msomaji mpenzi, nataka kukusimulia maisha ya mtu huyo, ambaye mkono wake umo ndani ya kila ekzosi ya namna ile, iwe Kitale, iwe Bungoma, na jina lake halijulikani na hata mmoja wa wale wanaoiunga.

Kijana wa Pobershau

Walter Kaaden alizaliwa tarehe 1 Septemba 1919 katika kijiji cha Pobershau, jimbo la Saxony, mashariki mwa Ujerumani. Babake alikuwa dereva wa mkubwa mmoja wa kiwanda cha pikipiki cha DKW, kilichokuwa katika mji mdogo wa Zschopau, karibu na hapo. Kiwanda hicho kilianzishwa na mtu wa Denmark aliyeitwa Jørgen Skafte Rasmussen, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 kilikuwa kikiunda pikipiki nyingi kuliko kingine chochote duniani. Pikipiki zake zilikuwa za mipigo miwili. Kwa hiyo Walter alizaliwa katika moshi wa injini hizo kama mtoto wa mvuvi azaliwavyo katika harufu ya bahari. Mwaka 1927, hata hajatimiza miaka minane, alikuwako ulipofunguliwa uwanja mkubwa wa mashindano wa Nürburgring, na inasemekana tangu siku hiyo mapenzi ya mbio hayakumtoka.

Akasomea uhandisi mjini Chemnitz. Mwaka 1940, vita vikiwa vimepamba moto, akaingia katika kiwanda cha ndege cha Henschel karibu na Berlin, katika kikundi cha Herbert Wagner kilichokuwa kikitengeneza bomu lenye mabawa, lililoangushwa na ndege kisha likaongozwa kwa redio hadi kwenye meli. Mwenye kusimulia maisha ya mtu hana ruhusa ya kuchagua mazuri peke yake. Ilimu ya kijana huyu, katika miaka ile, ilitumika kuua watu, na serikali aliyoitumikia ilikuwa ya dhuluma kubwa. Hilo limo katika maisha yake wala haliondoki.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 alishikwa na Wamarekani kwa muda, kisha akarudi kwao, upande ambao sasa ulikuwa chini ya Warusi. Alikuta kiwanda cha Zschopau kimefunguliwa parafujo baada ya parafujo na mashine zake zimechukuliwa kuwa fidia ya vita. Kaaden akafungua biashara ya mbao, akiunda mapaa ya nyumba zilizobomolewa na mabomu. Lakini saa zake za mapumziko zilikuwa na kazi nyingine. Alitwaa pikipiki ya kale ya DKW, ile iliyoitwa RT 125, akaanza kuitengeneza kwa mashindano.

Pikipiki hiyo ina kisa chake. Ilikuwa nyepesi, rahisi, na nguvu zake hazikufika hata za farasi watano. Lakini Ujerumani iliposhindwa, michoro yake ikawa ngawira. Waingereza waliiiga, Wamarekani waliiiga, Warusi waliiiga; na huko Japani, pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, iliyotolewa mwaka 1955, iliundwa kwa mfano wake. Kwa hivyo deni la dunia kwa mji ule mdogo lilianza mapema, kabla hata ya kazi kubwa ya Kaaden.

Kiwanda cha Zschopau kilisimamishwa tena na serikali ya Ujerumani Mashariki, na mwaka 1953 Kaaden akapewa kukiongoza kitengo cha mashindano. Mwaka 1956 kiwanda kikapata jina la MZ. Msomaji asidhani alikabidhiwa hazina. Nchi ilikuwa fukara, fedha za kigeni zilikuwa adimu, chuma kizuri hakipatikani, na wale aliotakiwa kushindana nao walikuwa Waitaliani, na baadaye Wajapani, wenye kila kitu.

Ndoo iliyotoboka

Ili kazi ya mtu huyu ieleweke, yatupasa tuitazame injini yenyewe. Injini ya mipigo minne hupiga moto mara moja kwa kila mizunguko miwili. Ile ya mipigo miwili hupiga moto kila mzunguko. Mwenye kuhesabu atasema basi hii ya pili yafaa iwe na nguvu maradufu. Haikuwa hivyo, na kwa miaka mingi wahandisi wakubwa waliidharau wakiiona ni mashini ya maskini, ya kuendea sokoni.

Ila yake ilikuwa hii. Injini hiyo haina valvu za kufungua na kufunga. Ina matundu tu katika ukuta wa silinda, kama madirisha, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafungua na kuyafunga ikipanda na kushuka. Dirisha la moshi hufunguka kwanza, kisha yale ya kuingizia mchanganyiko mpya wa petroli na hewa. Kwa kitambo kidogo yote huwa wazi kwa pamoja, na mchanganyiko mpya, badala ya kukaa ndani ungoje moto, hutoka nje na moshi. Ni sawa na mtu achotaye maji kisimani kwa ndoo iliyotoboka.

Kaaden hakuwa wa kwanza kuliona tatizo hilo, wala hakujidai kuwa peke yake. Mjerumani mwenzake, Daniel Zimmermann, alikuwa ametia kisahani chembamba cha chuma ubavuni mwa injini, kilichozunguka pamoja na krenki, kikaufungua mlango wa kabureta mapema na kuufunga kwa wakati autakao fundi, bila kuingoja pistoni. Mwingine, Erich Wolf, alikuwa amejaribu ekzosi ya umbo la zumari. Kaaden aliyatwaa yote mawili, akayapima, akayaunganisha, akaongeza la tatu: dirisha jingine la kuingizia mchanganyiko, lililo mkabala na dirisha la moshi, ambalo liliijaza silinda zaidi na wakati huo huo likaipoza pistoni kwa ndani.

Kazi yake kubwa zaidi ilikuwa katika ekzosi. Sisi tulioishi na bahari hatutapata tabu kulifahamu jambo hili. Wimbi likipiga ukuta wa gati hurudi lilikotoka. Sauti ya mlipuko wa injini nayo ni wimbi, huenda kwa kasi ndani ya bomba la moshi. Likifika mahali bomba linapopanuka, hurejesha nyuma mvuto, na mvuto huo huinyonya silinda moshi wote uliobaki, na kuuvuta hata mchanganyiko mpya uingie kwa wingi na mwingine utokeze nje kidogo. Wimbi likiendelea mbele, likafika mahali bomba linapojifunga tena, hurudi na msukumo. Msukumo huo ukifika kwa wakati wake, huukuta ule mchanganyiko uliokuwa ukitoroka, ukausukuma urudi ndani ya silinda, papo hapo dirisha likafungwa. Ndoo ile ile iliyotoboka sasa ina mkono unaoyarudisha maji.

Lakini neno kubwa ni wakati. Injini ya Kaaden ilizunguka mara 10,800 kwa dakika, yaani mara 180 kwa kila sekunde. Dirisha la moshi hubaki wazi kwa yapata sehemu tatu tu za elfu moja za sekunde. Wimbi likirudi mapema halifai, likirudi limechelewa halifai. Na kwa kuwa urefu wa bomba ndio unaoamua wimbi litarudi lini, bomba moja hufaa kwa mwendo fulani tu wa injini. Chini ya mwendo huo injini huwa goigoi. Ikiufikia, huamka ghafla kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Ndiyo maana pikipiki hizo zilihitaji gia nyingi na mpandaji mwenye sikio.

Kaaden hakuyajua hayo kwa kubahatisha. Alitumia chombo cha umeme kinachoonyesha mawimbi juu ya kioo, akaona kwa macho yake kile ambacho wengine walikuwa wakikisikia tu. Akaunda bomba, akalipima, akaandika. Akalikata, akalipima tena, akaandika tena. Kwa njia hiyo mwaka 1961 injini yake ya CC 125 ilitoa nguvu za farasi 25. Ukilinganisha na ile RT 125 ya kwanza, ni zaidi ya mara tano kwa silinda ya ukubwa ule ule. Ilikuwa ni sawa na farasi 200 kwa kila lita, na hakuna injini ya kuvuta hewa yenyewe, bila ya kusukumiwa na pampu, iliyokuwa imefika hapo kabla yake.

Mpandaji aliyeondoka

Ushindi ukaanza kuja. Mwaka 1958, nchini Sweden, Horst Fügner aliipatia MZ ushindi wake wa kwanza katika mashindano ya dunia ya CC 250. Mwaka 1959 Gary Hocking, kijana aliyelelewa Rhodesia, alishinda Sweden na Ulster juu ya pikipiki za Kaaden, na mwaka huo huo Ernst Degner akashinda huko Monza, Italia.

Huyu Degner ndiye fundo la hadithi hii. Alikuwa raia wa Ujerumani Mashariki, mpandaji hodari, na zaidi ya hapo alizijua injini za Kaaden nje na ndani. Mwaka 1961 alikuwa akiongoza katika mbio za ubingwa wa dunia wa CC 125. Tarehe 13 Agosti mwaka huo serikali yake ikaanza kujenga ukuta wa Berlin, na mpaka ukafungwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 17 Septemba, mashindano yalifanyika Kristianstad, Sweden. Injini ya Degner ikaharibika njiani. Usiku ule hakurudi na wenzake. Alivuka hadi Denmark na kutoka huko akaingia Ujerumani Magharibi, na wakati uo huo mkewe na wanawe wawili walikuwa wametoroshwa wakiwa wamefichwa ndani ya buti ya gari.

Kwa siri alikuwa amekwisha kupatana na kampuni ya Suzuki. Mwisho wa mwaka ule alikwenda Hamamatsu, Japani, na yote aliyoyajua akaenda nayo. Mwaka uliofuata, 1962, Degner juu ya Suzuki ya CC 50 akawa bingwa wa dunia, na huo ukawa ubingwa wa kwanza wa dunia kupatikana kwa injini ya mipigo miwili. Ule ubingwa wa CC 125 wa mwaka 1961, ambao MZ ilikuwa imeukaribia sana, ulichukuliwa na Tom Phillis wa Australia juu ya Honda. Kaaden hakupata ubingwa wa dunia wa mbio hizo mwaka ule wala mwaka mwingine.

Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na ningependa msomaji naye alifikiri. Mtu anayeikimbia nchi iliyomfungia mlango, akaiokoa familia yake, ni vigumu kumlaumu kwa kukimbia. Lakini siri ya kazi ya mwenzio ni amana. Tuliyasoma haya chuoni tukiwa wadogo, kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe, awe ni rafiki au si rafiki. Degner aliondoka na vitu viwili kwa wakati mmoja: kimoja kilikuwa chake, nacho ni uhuru wake, na cha pili kilikuwa jasho la Kaaden na mafundi wake wa Zschopau. Kila mmoja na apime kwa mizani yake. Degner mwenyewe hakuipata raha aliyoitarajia. Mwaka 1963 aliungua vibaya kwa moto wa ajali huko Suzuka, na akafariki mwaka 1983 katika kisiwa cha Tenerife, umri wake miaka 51.

Aliyebaki

Kaaden naye hakuondoka. Alirudi kwenye meza yake akaendelea na kazi, kwa vifaa vile vile haba. Mwaka 1963 Mike Hailwood, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa mabingwa, aliipanda MZ ya CC 250 katika uwanja wa Sachsenring, karibu na nyumbani kwa Kaaden, akashinda mbele ya umati wa wenyeji. Lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa na Japani ilikuwa imepita. Mwaka 1964 Phil Read akawa bingwa wa CC 250 juu ya Yamaha ya mipigo miwili. Mwaka 1975 Giacomo Agostini akauchukua hata ubingwa wa CC 500, pia kwa Yamaha. Tangu hapo injini ya mipigo miwili ikatawala mbio kubwa za dunia hadi mwaka 2001, na zote zilivuta pumzi kwa kanuni ile iliyopimwa Zschopau.

Na si mbio tu. Ilimu iliyoingia Hamamatsu haikukaa katika pikipiki za mashindano peke yake. Kutoka kwa Wajapani ilikuja kwetu katika pikipiki za barabara mbovu, zikapanda milima ya Trans Nzoia na kuvuka matope ya Bungoma. Na hao hao Wajapani ndio waliotuletea mashini za mipigo miwili zilizofungwa nyuma ya mashua za Lamu, Pemba na Kilwa, ingawa hizo za baharini zilitakiwa zidumu kuliko zikimbie.

Watu wa pwani nchi ya Kaaden wanaikumbuka kwa njia nyingine. Baada ya mapinduzi ya 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mapema, kabla ya nchi nyingine yoyote ya Afrika, na majumba marefu ya Michenzani ni kumbukumbu ya urafiki huo. Nchi hiyo ilikoma mwaka 1990, Ujerumani mbili zilipokuwa moja. Kaaden aliishi akayaona hayo, naye alifariki tarehe 3 Machi 1996, akiwa na umri wa miaka 76, katika vitongoji vya Zschopau. Hakufa tajiri. Wanaoijua kazi ya injini humwita baba wa injini ya kisasa ya mipigo miwili, lakini hao ni wachache.

Kutoka Kitale hadi Bungoma

Sasa nirudi kwa fundi wangu wa Kitale. Ijumaa ile, baada ya swala, kijana mmoja aliichukua pikipiki yake iliyopigwa tupa, akaijaribu mbele yetu. Ilipiga kelele hata kuku wakakimbia, na mbio zake zilikuwa za kweli. Kesho yake sote tulikuwa tukiteremka kwenda Bungoma kwa harusi, sisi kwa gari, yeye kwa pikipiki yake mpya mbele yetu. Tulipoipita Kiminini na kuanza kuteremka tukaachwa mbali. Kabla ya kufika Kamukuywa tukamkuta kando ya njia. Pistoni ilikuwa imeshika ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likafunga ghafla, naye akatupwa majanini. Namshukuru Mwenyezi Mungu, alipona kwa michubuko ya mikono na magoti. Upande wa pili wa barabara ile kulikuwa kukija malori.

Bungoma tukampeleka kijana na injini yake kwa fundi mwingine, mzee mwenye miwani. Alichomoa plagi akaitazama, akatuonyesha. Ilikuwa nyeupe kama chokaa. Akatueleza taratibu, kama mwalimu wa chuo na watoto wake. Plagi ikiwa nyeusi, petroli ni nyingi. Ikiwa ya rangi ya kahawia, mambo ni sawa. Ikiwa nyeupe, petroli ni chache na moto ni mkali mno. Jeti ya kabureta ilikuwa imepimwa kwa hewa nyepesi ya Kitale. Bungoma iko kadiri ya mita 1,400 tu, na kila ukiteremka hewa huzidi kuwa nzito, lakini jeti haizidi kupitisha petroli ya kutosha hewa hiyo. Tofauti si kubwa kwa pikipiki ya kawaida. Kwa injini iliyopanuliwa hadi ukingoni, inatosha kuiua. Tena injini hii hupata oili yake ndani ya petroli. Mtu akiteremka mlima mrefu huku ameachia mafuta na injini ingali inazunguka kwa kasi, huinyima petroli na oili kwa pamoja.

Kisha mzee akatoa daftari. Ndani yake alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi kila silinda aliyopata kuipanua: dirisha lilikuwa na milimita ngapi, limeongezwa ngapi, jeti namba gani, bomba lina urefu gani, na plagi ilitoka rangi gani. Ajabu ni kwamba mafundi hawa wawili, wa Kitale na wa Bungoma, walitumia tupa moja na bati la aina moja, na wote hawakuwa wamelisikia jina la Kaaden. Lakini mmoja alikuwa amerithi umbo la kazi, na wa pili alikuwa amerithi kazi yenyewe, maana siri ya mtu wa Zschopau ilikuwa katika kupima kabla ya kukata, kuliko katika bati lile lililokunjwa kama zumari.

Wazee wetu walisema ngoma ivumayo haidumu. Injini iliyoongezwa nguvu imekopa, na deni lake hulipwa kwa uhai wa pistoni, na mara nyingine kwa uhai wa aliyeipanda. Kaaden alilijua hilo, na kila nguvu aliyoiongeza alijua imetoka wapi. Vijana wetu wanaotaka mbio hawatazuilika kwa kukemewa. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa kijana na mashini ya mashua ya babangu niliitia tupa bila ya yeye kujua. Afadhali wafundishwe kupima, na wavae kofia ngumu, kuliko kuachiwa kelele peke yake.

Siku ya kuondoka nilipitia Kitale nikamsimulia fundi wangu yote niliyokusimulia wewe, msomaji, pamoja na habari ya daftari la Bungoma. Alisikiliza akiwa ameishika ile ekzosi ya bati mapajani. Nilipomaliza aliniomba nimwandikie jina lile. Nikaliandika kwa chaki juu ya mlango wa kibanda chake, herufi za jina geni lisilotamkika vizuri kwa ulimi wetu, naye akaenda dukani kununua daftari.